Lori Lililotazama Ziwa

Baba aliegesha lori lake pua ikitazama ziwa, na kwa miaka mingi hakuna aliyeona ubaya. Madereva wote wa mwambao wetu walifanya hivyo. Gari zito likizeeka, stata ndiyo ya kwanza kugoma, na stata nyingine ni ya kuagiza Bujumbura na kungoja mpaka usahau kwamba uliagiza. Kwa hiyo ukifika nyumbani unatafuta mteremko, unaelekeza pua chini, unaacha gari ndani ya gia ya kwanza na kuweka mawe mawili mbele ya matairi. Asubuhi unakanyaga klachi, mtu anatoa mawe, gari linateremka lenyewe, unaachia klachi, injini inaamka. Uwanja wetu pale Gatete ulikuwa na mteremko mzuri kuliko yote. Kutoka mlangoni kwetu hadi majini palikuwa na mihogo ya watu wawili, njia ya ng'ombe, halafu mchanga ambapo wavuvi walianika ndagala, dagaa wa ziwa letu.

Kisha ziwa likaanza kupanda. Si mafuriko ya kuja na kurudi, hayo tunayajua tangu utotoni. Hili lilikuja kama mgeni anayehamia kwako huku akikana kwamba anahamia, leo begi, kesho godoro. Mwaka wa kwanza lilichukua mchanga wa ndagala. Baadaye mihogo ikaozea ardhini, na michikichi ya jirani ikabaki imesimama ndani ya maji, vichwa vimekauka, mpaka ikaanza kuanguka mmoja mmoja hata siku zisizo na upepo. Majirani waling'oa mabati yao wakahamia ng'ambo ya barabara. Viboko wakawa wanalala palipokuwa jiko la watu. Msimu huu ninaousimulia, kutoka pua ya lori hadi majini zilibaki hatua kumi na nne. Nilizihesabu mwenyewe, na kila nilipokwenda nilizihesabu tena.

Mama alibaki pale peke yake, katika nyumba ya mwisho, na lori nje. Baba alikuwa amefariki kwa maradhi miaka kumi na mmoja nyuma, na tangu siku hiyo lori halikuwaka. Waliohama walikuwa wakinipitia sokoni na kuniambia sikio la kufa halisikii dawa. Niliwajibu vibaya, maana mama wa mtu hasemwi hivyo mbele ya mtu. Lakini mvua ikinyesha mjini nilikuwa nawaza kuta zile za matofali mabichi zinavyonyonya maji kutoka chini, na yeye amelala katikati yake. Mwaka mzima nilikuwa na hofu moja tu, kwamba nitaletewa habari ya mama na mtu anayekuja mbio.

Siku moja mimi na kaka yangu tulimwendea pamoja. Tulikuwa tumeshamwomba kwa upole, kwa ukali, na kwa kumtumia shangazi. Siku hiyo alitusikiliza mpaka mwisho, akachambua maharage yake, halafu akaonyesha nje kwa kidevu.

“Gari ya baba yenu iko pale,” alisema. “Siku ile itatoka hapa, na mimi natoka. Lakini itoke na nguvu yake. Musiikokote na kamba sawa ng'ombe yenye imekufa.”

“Umesema, mama?” kaka aliuliza.

“Nimesema.”

Mama yetu akisema neno, neno limesimama. Kaka alitoka pale akitabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Yeye ni dereva wa malori ya watu kwenye barabara ya Nyanza-Lac, na siku hizi mazutu, dizeli yetu, hayapatikani, malori ya matajiri wake yamelala, kwa hiyo muda alikuwa nao. Alianza kulifufua lile lori, kazi ya miezi. Alibadilisha mipira ya mafuta, akasafisha pampu, akapeleka nozeli kwa fundi wa nozeli, akatafuta matairi manne ambayo hayajapasuka. Alikusanya mazutu chupa kwa chupa mpaka bidoni moja, dumu la lita ishirini, ikajaa, akaifungia ndani kama mahari ya binti. Nilipoona injini inazungushwa kwa mkono na inazunguka, nililia. Nilidhani mama aliliwekea lori sharti lile kwa sababu ya mapenzi, hakutaka kumwacha mumewe nyuma. Ilibaki stata, na stata ndiyo kazi yangu.

Mimi ni fundi wa stata na altaneta. Nina meza yangu Rumonge mjini, karibu na soko, na mteja akikuta mwanamke akaniuliza fundi yuko wapi huwa namwambia ametoka, arudi mwakani. Baba ndiye aliyenianzisha kwa kunishikisha taa chini ya lori hilohilo. Kazi imenifundisha kitu kimoja ambacho wanaume wengi wa gereji hawana subira nacho. Wao wakikuta gari halina umeme wanatafuta umeme unatoka wapi. Mimi naanza kuangalia unarudi wapi. Umeme usiokuwa na njia ya kurudi hautoki nyumbani kwake hata umbembeleze.

Betri tulizipata kwa sababu ya mwezi. Wavuvi wetu wanavua gizani kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu ndagala hawaifuati taa, kwa hiyo boti zinapumzika siku chache na betri zake zinakaa bure. Mvuvi mmoja aliyemjua baba alitukopesha mbili kubwa, akatuambia mwezi ukianza kuchelewa kutoka atazitaka. Lori lile linataka mbili zilizofungwa pamoja, moja hailiamshi. Basi tulikuwa na siku tatu, labda nne.

Siku ya kwanza nilifika na begi langu asubuhi, nikakuta hatua kumi na nne zilezile. Kaka alikaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo, na kimya kikawa kimya kweli, hata taa ya dashibodi haikupepesa. Akaanza kuilaumu stata. Nikamwambia anyamaze. Nilifuata waya mnene wa kurudisha umeme, ule unaounganisha injini na chasisi, nikaugusa tu, ukanikatikia mkononi. Shaba ilikuwa imekuwa unga wa kijani. Nilikata kipande cha waya wa kuchomelea, nikakwangua chuma mpaka kikang'aa, nikafunga. Kaka akazungusha tena. Safari hii ilisikika tak! moja nzito, halafu basi. Umeme ulikuwa umefika, lakini stata yenyewe imeganda.

Kuitoa stata ya lori lile ni kama kumtoa mbuzi kisimani. Unalala chali juu ya jamvi, unafungua bolti tatu bila kuziona, na ya tatu ikitoka kitu chenye uzito wa nusu mfuko wa saruji kinakukalia kifuani. Mahali inapokaa kuna tundu upande wa chini, kifuniko chake kilipotea zamani, na kwa tundu hilo unaweza kuona bendiksi, kile kigurudumu cha meno kinachoruka mbele, kinashika meno ya injini, kinaizungusha, halafu kinarudi. Bendiksi ikikataa kuruka, umekwisha. Niliiweka stata juu ya bati, nikaifungua, nikabaki nimeshika bisibisi hewani. Ndani hamkuwa na kutu hata chembe. Mlikuwa na kitu cheusi, kigumu kama gundi, na nilipokikwangua kikawa chekundu chini yake, kikanukia kama jikoni.

“Nani ametia mawese humu?” nilipiga kelele.

Mama alikuja akifuta mikono. Hakuwa na wasiwasi wowote, tena alionekana amefurahi kuulizwa.

“Ni mimi, mama,” alisema. Ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, mama. “Baba yenu alisema, usiache gari ikauke. Basi kila tukimaliza kukamua, ninatia kidogo. Hapa kwa hii tundu, na pale, na kule juu. Mafuta ya kwanza, ile safi. Ile ya kuuza sikutia.”

Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua. Nilimwambia mawese ni ya maharage, kwamba chuma hakili ugali, kwamba ameilisha stata miaka kumi na mmoja mpaka imevimbiwa. Kaka alikuwa ameshika tumbo kwa kucheka. Mama naye akacheka, akifunika mdomo kwa kanga, na mwisho nikacheka mimi pia, maana hakuna mtu mwingine duniani ambaye angefikiria kulitunza lori kwa mafuta aliyokamua kwa mikono yake. Na kusema kweli aliliokoa. Mawese yalikuwa yamegandisha kila kitu, lakini yalizuia kutu, na nyaya za ndani zilikuwa nzima kama siku zilipozungushwa.

Nilitumia siku nzima kuiosha. Mazutu kidogo, sabuni ya kufulia, mswaki, jua. Nilikwangua mifereji ya bendiksi mpaka ikateleza kwa kidole, nikaweka kaboni mpya, nikafunga. Niliijaribu chini kwa betri, ikaruka na kugeuka kama jogoo aliyechinjwa, kaka akaikanyaga isitukimbie. Tuliirudisha mahali pake jua likiwa linagusa milima ya Kongo. Kaka alitaka kuwasha hapohapo, nikamkataza, betri zilikuwa zimechoka na majaribio na nilitaka zipumzike. Tukalala kwa mama ili tuamke na kazi. Wakati wa kula aliniuliza kama kesho itaamka.

“Itaamka, mama, inshallah.”

“Una hakika?”

“Nina hakika.”

Akafunika chungu, akaanza kukusanya sahani ingawa kaka alikuwa bado anakula.

Alfajiri nilitoka kutawadha nikasimama. Upepo wa Kongo ulikuwa umevuma, na maji yalikuwa yamepanda uwanjani bila kelele, yana povu na majani ya michikichi. Nilihesabu hatua tisa. Kati ya maji na pua ya lori palikuwa na nyayo za kiboko, kubwa kama masufuria, zimekuja hadi kwenye bampa na kurudi. Ukuta wa nyumba upande wa ziwa ulikuwa na mstari wa unyevu unaofika gotini kwangu. Niliugusa, kidole kikaingia kwenye tofali kama kwenye uji. Nilimwita kaka, nikamwonyesha. Alipanda kwenye usukani hata chai hajanywa.

Akazungusha ufunguo. Stata ililia iiii, sauti nyembamba ya kitu kinachozunguka peke yake bila kushika chochote. Bendiksi haikuruka. Akajaribu tena, na tena, na kila mara ile sauti ilizidi kuchoka. Nilimfokea aache, anaua betri.

Aliruka chini uso umebadilika. “Demareri yako haina kazi,” alisema, akimaanisha stata. “Tunaachilia tu iteremuke. Baba alikuwa anafanya vile kila siku.”

“Baba alikuwa na shamba zima la kuteremkia! Wewe una hatua tisa.”

“Zinatosha. Itashika.”

“Na isiposhika utasimama na nini? Breki huna.” Breki za lori lile ni za upepo, na upepo unajazwa na injini. Injini isipowaka unakanyaga pedali kama unavyokanyaga jiwe.

“Nitaruka.”

“Mlango wako unafunguka kwa teke kutoka nje!”

Hakunisikiliza. Kaka yangu akishapata wazo ni kama maji ya ziwa lile, hayaulizi njia. Aliinama akapiga nyundo jiwe la kwanza, likatoka. Lori likaguna, likasogea upana wa kiganja, likakaa kwenye gia. Hapo nilimsikia mama mlangoni, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

“Reka! Acha! Mutoto wangu, usitoe jiwe!”

Kaka hakumtazama. Alizunguka kwenda kwenye jiwe la pili, nikamtangulia, nikalikalia. Nilikaa kabisa, makalio juu ya jiwe, mgongo kwenye tairi, nikamwambia akilitaka anitoe mimi kwanza. Tulitazamana hivyo watu wazima wawili kama watoto wanaogombea kigoda. Nikamwomba anipe hadi adhuhuri. Kama nitashindwa, nitatoa jiwe mwenyewe. Alitupa nyundo, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha nyuma, mbali, akitazama barabara. Nikarudisha jiwe la kwanza mahali pake, nikaingia chini ya lori.

Sikuhitaji hata kuitoa stata. Nilimulika tundu lile, na bendiksi niliyokuwa nimeiosha mpaka inang'aa haikuonekana. Ilikuwa imezikwa kwenye mashapo ya mawese, yale mazito yanayobaki chini ya pipa, mekundu, mabichi, yamejaa nyuzi za michikichi. Baridi ya alfajiri ilikuwa imeyagandisha kama siagi, na nyuzi zimejisokota kwenye mifereji. Niliyachukua kwa kidole nikanusa. Hayakuwa ya miaka kumi na mmoja. Hayakuwa hata ya juzi. Na mtu anayelitunza gari hatii mashapo, anatia mafuta ya kwanza, yale safi, alikuwa ameniambia mwenyewe. Mashapo anayaweka kwenye ndoo nyuma ya nyumba kwa kuwashia moto. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimelala chini ya nguo yenyewe.

Nilibaki chali pale. Maji yalikuwa yanalamba karibu, nayasikia. Sasa nilielewa lile sharti. Alituwekea sharti la lori kwa sababu aliamini haliwezi kuwaka, kama mtu anayeambiwa atoe binti akasema nileteeni maziwa ya kuku. Miezi yote ile kaka alipokuwa anabadilisha mipira na kuokota mazutu, yeye alikuwa anampikia na kumtazama akilikaribia jambo ambalo hakutaka lifike. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa imechanganyika na huruma kiasi kwamba sikujua nianze na ipi.

Miguu yake ilikuja ikasimama kando ya tairi. Miguu ya mama naijua, kisigino cha kushoto kina kovu. Sikuona zaidi ya hapo, na yeye hakuinama.

“Umeona,” alisema.

“Nimeona, mama.”

“Sema imekufa. Wewe iko fundi, kaka yako atakusikia.”

“Maji yamekula hatua tano toka jana.”

“Ninayaona, mama. Ninalala nayo. Nilikimbia watu mara mbili, juu ya vita. Ya kwanza nilikuwa katoto, tulivuka hii ziwa na pirogi, sikuelewa kitu. Ya pili wewe mugongoni, kaka yako kwa mukono, na nyumba ilikuwa na chungu kwa moto. Wakati tulirudi nikaambia Mungu, sasa imetosha, hapa ndiyo mwisho. Watu niliwakimbia. Na maji niyakimbie?”

“Nyumba itakuangukia.”

“Itaniangukia kwangu.”

Wakati ule mimi nilikuwa mzigo mgongoni, sikumbuki chungu wala pirogi, na sina haki ya kumwambia mtu aliyebeba kwamba safari si ndefu. Kama tungekuwa wawili tu nadhani ningesema stata imekufa. Nalisema hili waziwazi kwa sababu watu hunisifu. Ningefunga begi langu, ningerudi mjini kungoja yule mtu wa kuja mbio.

“Nikisema imekufa, kaka atatoa jiwe,” nilimwambia. “Unamjua. Ataingia nalo majini.”

Miguu iligeuka ikaondoka, polepole, kuelekea nyumbani.

Niliitoa stata. Nilipokuwa nafungua bolti machozi yalikuwa yanaingia masikioni, maana nilikuwa chali. Kaka alikuja kuuliza nimeona nini, nikamwambia mafuta ya zamani yameyeyuka jana juani, yakashuka. Ni uongo ambao fundi yeyote angeucheka, lakini yeye ni dereva. Nilichomoa nyuzi moja moja kwa kibanio, nikaosha kwa mazutu yaliyobaki kwenye kopo, nikaianika kwenye bati jua likiwa kali. Mama alikuwa ndani. Moshi wa jikoni haukutoka asubuhi yote ile. Tulipoirudisha, niliziba lile tundu kwa kipande cha bati na waya, nikaukaza waya kwa koleo hata mtu mwenye nguvu asingeufungua kwa mkono. Nilimzibia mama yangu mlango, na nilijua ninachofanya.

Adhuhuri haijafika kaka alipanda. Nikasema bismillahi. Akazungusha ufunguo, bendiksi ikaruka, ikauma, injini ikaguna mara mbili, mara tatu, moshi mweusi ukatoka kama umefukuzwa, na lori la baba likaunguruma. Ardhi ilitetemeka. Ndege wote wa ukingoni waliruka. Kaka alikuwa anapiga honi na kulia, anaita baba, anaita Mungu, mkono wake unapiga mlango kwa nje. Mimi nilimtazama mama.

Alikuwa amesimama mlangoni. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia hodi ambayo siku zote alijua itakuja. Hakunilaumu, hakutikisa kichwa. Alinitazama tu, akaingia ndani.

Wakati kaka anangojea upepo wa breki ujae, nilimfuata mama ili nimsaidie kufunga. Sikuwa na la kusaidia. Alikuwa ametandika shuka chini, ameweka katikati chungu, nguo, Kurani, chumvi, panga, picha ya baba, na alikuwa anafunga ncha. Sijawahi kuona mtu akifunga mzigo haraka namna ile. Mikono yake haikusita juu ya kitu chochote, ilijua kinachobebwa na kinachoachwa. Alinipita na mzigo kichwani. Nilinyoosha mkono nimsaidie kupanda kwenye kibanda cha dereva, akashika chuma cha mlango, akapanda mwenyewe.

Kaka aliingiza gia ya nyuma. Matairi yalizama, yakatafuna matope, mawe mawili yakabaki yamekaa peke yake uwanjani, lori likapanda kinyumenyume mpaka barabarani. Watu waliohama walitoka kupiga vigelegele. Mama alitazama mbele.

Ukuta wa upande wa ziwa ulianguka kabla mvua za msimu huo hazijaisha. Tuliambiwa na wavuvi, sisi hatukwenda kuona. Betri zilirudi kwa mwenyewe kwa wakati. Kaka anabeba mikungu ya chikichi na lile lori siku akipata mazutu, na mama anaishi nyumbani kwa kaka upande wa Bugarama, kwenye kilima, nyumba ya matofali ya kuchoma, ardhi kavu. Anakula vizuri. Presha yake imeshuka. Sokoni wananiambia umemwokoa mama yako, umekuwa mwanamume, na mimi siwajibu vibaya tena.

Ijumaa nafunga meza mapema nakwenda kumwona. Akiniona naingia uani anasimama, anaitoa kanga begani, anafuta kiti ambacho hakina vumbi.

“Amahoro, fundi,” ananiambia. “Karibu, fundi.”

Hanuni, ila lile jina aliloniita tangu nizaliwe halitaji tena. Ananiuliza kazi inaendaje, ananipikia, ananisindikiza hadi njiani kama anavyomsindikiza mgeni wa heshima. Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia, mama, mimi ni mwanao. Akasema, “Ninajua,” akanijazia kikombe cha chai, akashika kijiko, akaniuliza kama fundi anaweka sukari.